Anayetafuta na Anayetafutwa

Miaka ile ya mwisho ya vita nilikuwa mtu asiyeweza kukaa. Nikiwa nyumbani kwetu, mtaa wa Jabe, nilitaka kutoka. Nikitoka nilitaka kujua kama nyumbani ni salama. Asubuhi nilisikiliza milima ya juu ya mji: kama kimya, naenda, kama kuna milio ya bunduki, nasubiri mpaka majirani wafungue maduka, kisha naenda. Nilikuwa nafundisha Kiswahili kwa wageni wa mashirika, mmoja mmoja, na jioni kwa watoto wa madrasa. Katikati ya masomo nilitembea Bwiza, kitongoji jirani, mtaa hadi mtaa nikisoma vibao vya maduka na kuvisahihisha kichwani. "Vifaa ya baiskeli." "Kinyozi wa kisasa na wanamuke." Nikimaliza mtaa mmoja naingia mwingine.

Kiswahili changu nilikitoa Kigoma. Shangazi yangu alinichukua nikiwa na miaka kumi, nikasoma huko hadi kidato cha nne, na niliporudi majirani walisema nazungumza kama redio. Wengine walisifu, wengine walicheka. Mama yangu hakusifu wala hakucheka. Alikuwa na jambo moja tu moyoni, nalo lilikuwa mdogo wangu wa kiume.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa baiskeli. Mwaka ambao mitaa yetu ilishambuliwa na watu wakahamahama, alivuka mpaka kwenda Uvira, akasema atarudi baada ya siku tatu. Kisha vita vikafika na kule. Mtu mmoja alimwona ufukweni akipanda mashua ya kwenda upande wa Tanzania. Baada ya hapo hatukusikia neno. Miaka ilipita, na mama bado alikuwa akimwekea sahani.

Nilipata kazi kwenye shirika dogo lililokuwa likiwatafuta watu waliopoteana na ndugu zao. Walikuwa na ofisi mjini, vyumba vinne na kompyuta tatu, na vituo vidogo kwenye mitaa ambako karani mmoja alikaa na kompyuta yake na jenereta. Upande wa pili wa ziwa walikuwa na vituo vingine, karibu na makambi ya wakimbizi. Kijana mmoja wa Nyakabiga, kitongoji kingine cha mji wetu, alikuwa amewatengenezea programu ya kuandikisha majina. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mpole, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili hata risasi zikilia, na masomo yake ya chuo kikuu yalikatika kwa sababu ya vita. Programu ilikuwa nzuri. Taabu ilikuwa kitabu cha maelezo. Makarani wa kwetu walijua Kifaransa, wa Kigoma walijua Kiingereza, wa Uvira walijua Kifaransa chao. Lugha ya wote ilikuwa Kiswahili. Basi yule kijana akaandika kurasa arobaini kwa Kiswahili alichookota Bwiza, na mkurugenzi, mama mmoja wa makamo tuliyemwita Madamu, akaniita nikisafishe.

Nilikaa naye meza moja kwa wiki tatu, yeye na kitabu chake, mimi na kalamu nyekundu.

Makosa yenyewe yalikuwa yale yale niliyoyajua tangu utoto. "Bonyeza kitufe yenye iko chini." Nikaandika: kilichopo chini. "Kama jina haiko, andika ingine." Nikaandika: kama jina halipo, andika jingine. "Usifunga programu mbele haujaifazi." Nikaandika: usifunge programu kabla hujahifadhi. Mahali pamoja aliandika "Futa maagizo haya yote," akikusudia fuata, na nilipomwonyesha kwamba amewaamuru makarani wafute maagizo badala ya kuyafuata, alicheka mpaka akavua miwani. Siku ile nilijiona nina faida kubwa duniani.

Lakini hakucheka kila mara. Mara nyingine aliuliza.

"Mwalimu, na hii nayo iko mubaya?"

"Si mbaya. Si sahihi."

"Karani akisoma, atasikia?"

"Atasikia, ndiyo."

"Sasa inakosa nini?"

Nilimjibu kwamba kitabu hiki kitasomwa Kigoma, na watu wa Kigoma watatucheka. Hilo ndilo nililolijua. Nilikuwa nimechekwa Kigoma mwaka wangu wa kwanza wote, mtoto wa miaka kumi aliyesema "apana" darasani, na hata mtu mzima nilikuwa bado naogopa kicheko kile.

Ukurasa wa saba ulieleza jinsi ya kujaza kadi. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na visanduku viwili vya majina vilivyoandikwa 1 na 2 tu, kwa sababu maneno marefu hayakuenea. Maana yake ilielezwa kitabuni. Yule kijana alikuwa ameandika: "Mu kisanduku ya kwanza andika jina ya mutu mwenye anatafuta. Mu kisanduku ya pili andika jina ya mutu mwenye wanatafuta." Nilizikata sentensi zote mbili kwa mstari mmoja. "Mwenye" haitumiki hivyo, nilimwambia, mwenye ni mwenye mali, mwenye nyumba. Nikaandika pembeni: mtu anayetafuta, mtu anayetafutwa. Akayatazama maneno yale, akasema, "Inapendeza," akafungua ukurasa wa nane.

Siku ya kupiga chapa, milio ilianza mapema, na safari hii haikuwa mbali. Madamu alipita vyumbani akisema kila mtu amalize alichonacho aende nyumbani. Kitabu kilitakiwa kiondoke na gari la kesho yake asubuhi. Kijana alikuwa ameitwa kituoni Nyakabiga, kompyuta ya huko imezima. Basi nilipiga chapa masahihisho ya mwisho mimi mwenyewe, nimesimama, mkoba begani, nikimfikiria mama aliye peke yake nyumbani. Kila mlio uliposikika nilitazama dirishani kisha nikarudisha macho kwenye herufi. Nilimaliza. Nakala zikatoka. Nilitembea haraka hadi Jabe katikati ya watu waliokuwa nao wakitembea haraka, na hakuna aliyesalimiana na mwenzake.

Wiki chache baadaye nilimpeleka mama kituo cha Bwiza kuandikisha jina la mdogo wangu katika kompyuta. Karani alikuwa zamani muuza duka, mtu mwema, mwenye kuandika kwa kidole kimoja. Kitabu chetu kilikuwa mezani kwake. Niliona fahari. Niliwaacha wajaze, nikatoka nje, kwa sababu sikuweza kukaa kwenye benchi.

Tulisubiri. Kompyuta ilitakiwa ilinganishe majina ya kisanduku cha pili na majina ya watu waliomo makambini. Mwezi ukapita, wa pili ukapita, na hakuna jina hata moja lililokutana na jingine. Kijana alikagua programu yake mstari kwa mstari, akakonda. Madamu akaamua tujaribu njia nyingine: tuchapishe orodha ya wanaotafutwa, redio iisome asubuhi, labda mtu atamjua mtu.

Ilisomwa siku ya Jumanne. Mimi nilikuwa tayari ofisini. Kama saa nne hivi, mlango ulifunguliwa akaingia mama yangu. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu na mtandio mweupe, amekuja kwa miguu kutoka Jabe, jasho linamtoka, na mkononi ameshika picha ya mdogo wangu.

"Wamesoma jina yangu!" alisema kabla hata ya salamu. "Jina yangu, na ya baba yangu, na wamesema Jabe. Nimesikia na masikio yangu. Mutoto iko muzima! Ananitafuta!"

Wanawake wawili wa chumba cha mbele walipiga vigelegele. Madamu akatoka ofisini kwake. Mimi nilimkumbatia mama, na kwa muda mfupi niliamini kama yeye. Nikamwona mdogo wangu amesimama mbele ya meza ya karani huko ng'ambo, anataja jina la mama herufi kwa herufi.

Kijana alikuwa ameshafungua kadi. Aliniita kwa macho, nikasogea, akaweka kidole kwenye pembe ya kioo palipoandikwa kituo cha kadi. Haikuwa Kigoma. Ilikuwa Bwiza. Tarehe ilikuwa ile ile niliyompeleka mama mimi mwenyewe. Kisanduku cha kwanza, jina la mdogo wangu. Kisanduku cha pili, jina la mama.

Nilichukua kitabu kwenye rafu, nikafungua ukurasa wa saba. Kisanduku cha kwanza: jina la mtu anayetafuta. Kisanduku cha pili: jina la mtu anayetafuta.

Niliisoma mistari ile miwili mara tatu. Herufi moja ilikuwa haipo, na mimi ndiye niliyepiga chapa. Makarani, walipoona visanduku viwili vyenye maelezo yale yale, kila mmoja alifanya alivyofikiri. Wengine walipatia. Wengine walituandika sisi tuliobaki kuwa tumepotea, na kompyuta ikawa inatutafuta makambini, watu tuliokaa majumbani mwetu tunakula ndagala, dagaa wa ziwa letu.

"Mama," nilisema, "keti kidogo."

"Niketi ya nini? Mambie yule mutoto nimefika."

"Mama, ni makosa."

"Makosa ya nani?"

"Yangu."

Aliketi. Nilimweleza. Mama alisoma Kurani vizuri, lakini herufi hizi za kwetu hakuzijua, kwa hiyo nilieleza kwa maneno mengi mno, nikazunguka, nikarudi. Alinisikiliza bila kukata. Mwisho akanyoosha mkono akachukua kitabu.

"Nionyeshe hiyo herufi."

"Haipo, mama. Ndiyo makosa yenyewe."

"Ilipaswa kukaa wapi?"

Nikamwonyesha, kati ya herufi mbili. Aliinamisha uso akapatazama pale mahali kwa muda mrefu. Kisha akarudisha picha ndani ya mtandio, akasimama. Nilitaka kumsindikiza akakataa kwa kiganja. Kwenye mlango aligeuka akamwambia Madamu, kwa heshima, "Nimewasumbua." Nikamwona dirishani anakata barabara, kitenge kile cha sikukuu kati ya watu.

Sikupata nafasi ya kumlilia, maana wengine walianza kufika. Redio ilikuwa imesoma majina mengi. Alikuja mwanamke wa Nyakabiga na mtoto mgongoni. Akaja fundi magari mzee wa Bwiza, mikono bado ina grisi, amefuatana na wanawe wawili wakubwa, akiuliza kwa sauti nzito, "Ni nani ananitafuta?" Binti yake alikuwa amepotea tangu mwaka ule wa mdogo wangu. Niliomba niwaambie mwenyewe, mmoja mmoja. Yule fundi alinitazama mpaka nikamaliza. Akasema, "Mwanangu, mi nilifunga gereji," kisha akawageukia wanawe, "twende tukafungue." Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Mchana nilimwendea Madamu na kalamu yangu nyekundu nikaiweka mezani. Nikasema naacha kazi. Alikuwa mtu asiye na maneno mengi.

"Ukiacha, nani atarekebisha?"

Kijana alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mimi pia niliusoma ule ukurasa ulipotoka," alisema. "Niliona yanafanana. Nikasema labda ndiyo Kiswahili ya juu, iko vile. Nikanyamaza."

Nilidhani dawa ni kurudisha herufi. Tukachukua ukurasa mpya, w ikiwa mahali pake, tukaenda kwa yule karani wa Bwiza aliyekuwa muuza duka. Tukamwomba asome kwa sauti. Alisoma kisanduku cha kwanza, "anayetafuta." Akasoma cha pili, "anayetafuta." Nikamwomba arudie. Akarudia vile vile, jicho lake linairuka ile herufi kama mtu anavyoruka shimo alilolizoea. Tulimpa ule ukurasa wa zamani wa kijana, ulionikera mimi wiki nzima. Akasoma, "Mutu mwenye anatafuta. Mutu mwenye wanatafuta." Akainua kichwa. "Aa, basi! Huyu wa pili ndiye amepotea. Kwa nini hamukuandika hivi toka zamani?"

Kijana alitazama chini, kwa adabu, asinitazame mimi.

Tuliandika upya, pale pale kituoni, kwenye karatasi ya daftari. Kisanduku ya kwanza: mutu mwenye iko mbele yako, amekuja kutafuta. Kisanduku ya pili: mutu mwenye amepotea. Niliandika kwa mkono wangu. Nilitaka angalau "kisanduku cha." Nikaliacha. Siku tatu baadaye karani wa Kigoma, niliyemwogopa kwa kicheko chake, alileta ujumbe mfupi: sasa tumeelewa, asanteni, na sisi huku tulikuwa tunabahatisha.

Ikabaki kazi ya kadi. Programu haikuweza kujua ni kadi ipi imegeuzwa na ipi iko sawa. Majina ni majina. Ilibidi tuulize watu. Kwa wiki nyingi tulitembea nyumba kwa nyumba, mimi na kijana, na orodha, Bwiza, Jabe, Nyakabiga. Tukigonga mlango, swali lilikuwa moja: wewe ni yupi kati ya hawa wawili? Siku mbaya tulilala chini sakafuni mwa watu tusiowajua mpaka milio ipite, kisha tukainuka tukauliza swali letu. Kutembea kule kulinifaa. Nikisimama tu, nasikia vigelegele vya wale wanawake wawili.

Nyumbani mama alizungumza nami mambo ya chakula tu. Chumvi iko, maji yamekatika. Hakuninunia, alikuwa amechoka. Jioni moja, bila kuniangalia, aliuliza, "Leo mumerudisha wangapi?" Nikamwambia kadi za watu kumi na wawili tumezigeuza zikae sawa. Akasema, "Na kesho muende kwa yule mama wa nyuma ya soko, naye aliandikisha." Tangu siku hiyo aliniuliza kila jioni, na alianza kunielekeza nyumba ambazo orodha yetu haikuzijua.

Majina yakaanza kukutana. La kwanza lilikuwa la binti wa yule fundi magari. Alikuwa kambini, ameolewa, ana watoto wawili. Nilikwenda gereji mwenyewe kumwambia. Alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana. Nilisema, nikasubiri. Miguu haikusogea. Kisha nikasikia bisibisi inaanguka kwenye saruji, na sauti yake chini ya gari ikisema, "Rudia. Polepole." Nikarudia polepole, nikitaja nani ni nani, bila kuacha nafasi ya kukosea: baba ni wewe, binti ni yeye, yeye ndiye aliyepatikana.

Jibu la mdogo wangu lilikuja wakati wa mvua. Kijana ndiye aliyelisoma kwanza. Aliifunga kompyuta, akachukua karatasi iliyochapwa, akaikunja mara mbili, akaniambia, "Mwalimu, tuende nyumbani kwenu." Tulitembea Bwiza yote, na kwa mara ya kwanza katika miaka ile sikuona haraka ya kufika.

Mama alikuwa uani. Alitutazama sisi wawili, akaiona karatasi, akafuta mikono.

"Soma."

Nikasoma. Jina lilipatikana katika daftari la kambi, la mwaka wa kwanza baada ya kuvuka kwake. Alifariki kwa homa, katika masika ya mwaka huo huo. Mwenzake aliyekaa naye hema moja bado yuko, ndiye aliyetoa maelezo, kaburi analijua.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Jina ya baba yake ndiyo hiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na yangu wameandika mahali yake?"

"Mahali pake hasa."

"Innaa lillahi wa innaa ilayhi raji'un," alisema. Alikaa kwenye kigoda. Akauliza, "Ni nani alimuosha?" Karatasi ilisema: yule mwenzake, na wanaume wengine wawili wa msikiti wa kambini. Mama akataka majina yao. Lilikuwepo la mmoja tu. Alilirudia mara kadhaa ili lisimpotee, akasema huyo naye ataombewa.

Tulisoma hitima Ijumaa baada ya alasiri. Majirani walijaa, mikeka ikatandikwa hadi barazani. Yule fundi magari wa Bwiza alikuja na wanawe, amenawa mikono ile mpaka vidole vimekuwa vyekundu. Kijana wa Nyakabiga alifika na mfuko wa sukari, akavua viatu mlangoni, akauliza kwa sauti ndogo akae wapi. Mama akamwonyesha mahali karibu na mlango wa chumba cha mdogo wangu. Katikati ya kisomo milio ilianza juu milimani. Watu walitazamana. Shehe alinyamaza kidogo, akasikiliza kama sote tulivyosikiliza, kisha mtu mmoja akainuka akafunga dirisha, na kisomo kikaendelea.